Ofisi ya Watu Sita

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji mmoja, dada ambaye ni karani katika ofisi ndogo ya umma. Ameniomba nisiitaje ofisi hiyo, nami sitaitaja. Watu wote waliomo ni sita: mkubwa wa ofisi, mama mhasibu, maafisa wawili wa nyanjani, karani mwenyewe, na mzee mmoja ambaye hufungua mlango alfajiri, huandaa chai saa nne na hufunga mlango jioni. Basi. Ukiwaita wote kupigwa picha, wanaenea kwenye benchi moja.

Kila mwaka ofisi hiyo hutumiwa fomu. Fomu inataka kujua wafanyakazi wangapi ni wa kabila gani, wanaume wangapi na wanawake wangapi, vijana wangapi, na wenye ulemavu wangapi. Kazi ya kuijaza ni ya karani. Mwaka huu aliijaza, akapiga hesabu, akashtuka. Watatu kati ya wale sita, yaani mkubwa, afisa mmoja na mzee wa chai, ni wa kabila moja. Tatu kwa sita ni nusu. Sheria inasema isizidi theluthi. Alipompelekea mkubwa karatasi, mkubwa akaitazama, akacheka kidogo, kisha akauliza: "Sasa unataka tumfukuze nani?"

Hilo la kwanza. La pili ndilo lililomfanya dada huyu aniandikie. Mama mhasibu hasikii kwa sikio moja. Karani anajua kwa sababu yeye ndiye anayeshughulikia karatasi za hospitali. Mwenyewe hajamwambia mtu mwingine ofisini; huchagua tu kiti cha upande fulani wakati wa mikutano. Dada ananiuliza: "Katika safu ya ulemavu, niandike moja? Nikiandika, kila atakayeisoma karatasi hii atamtafuta huyo mmoja, na watu wenyewe ni sita tu."

Nilidhani ni barua ya kujibiwa kwa dakika mbili kabla ya taarifa ya habari. Kumbe swali la dada huyu lina historia ndefu, tena historia yetu wenyewe. Kwa hiyo leo nawaomba mnivumilie nianzie mbali.

Kuhesabu watu ofisini hakukuanza jana. Serikali ya mkoloni ilihesabu sana, na kwa uwazi kabisa. Kila cheo kilikuwa na rangi yake. Ngazi za juu zilikuwa za Wazungu, za katikati za Waasia, na za chini za Waafrika. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1947, iliundwa tume chini ya Sir Maurice Holmes ichunguze utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tume hiyo ilitoa taarifa mwaka 1948, na ndani yake mlikuwa na pendekezo ambalo wazee wetu walilikumbuka kwa uchungu: asiyekuwa Mzungu, hata akiwa na elimu ile ile na kazi ile ile, alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Tatu kwa tano! Mtu mzima alipunguzwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Miaka michache baadaye tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ya mwaka 1953 na 1954, ilipendekeza mishahara isipangwe tena kwa rangi. Lakini kufuta rangi kwenye jedwali la mishahara hakukufuta rangi kwenye viti.

Ulipopatikana uhuru, Desemba 1963, kuhesabu kukageuka kuwa silaha ya upande wa pili. Sasa swali lilikuwa ni viti vingapi vimeshikwa na wenyeji, na kila mwaka serikali ilitaka kuona tarakimu hiyo ikipanda. Ilikuwa hesabu ya haki, na nchi jirani ziliifanya vilevile. Hata hivyo palizuka maswali mapema. Kule Tanganyika, Januari 1964, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba upendeleo wa rangi katika ajira ya serikali umekwisha, na kwamba raia ni raia, awe na ngozi ya rangi yoyote. Baadaye Tanzania ilikwenda mbele zaidi: sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwao kuwauliza watu kabila. Wenzetu waliamua kwamba jambo hilo lisihesabiwe.

Sisi Wakenya hatukufuata njia hiyo, ila hatukuwa wakweli katika yetu. Kabila tuliliuliza katika kila sensa. Matokeo ndiyo yaliyotutia hofu. Sensa ya mwaka 1999 iliwauliza watu kabila zao, kisha majibu yakafungiwa, hayakutangazwa. Na kuhusu ofisi za umma, kila mtu alikuwa na hesabu yake kichwani. Kwenye matatu, kwenye vilabu, kwenye matanga, ungesikia watu wakitaja idara fulani kwamba ni ya hawa, na shirika fulani kwamba ni la wale, tangu mkurugenzi hadi mlinzi wa lango. Hesabu ya serikali haikuonekana, hesabu ya mtaani ilikuwa kila mahali, na hakuna aliyeweza kusema ni kweli au ni uongo. Uvumi hustawi penye giza.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Januari 2008 mimi nilikuwa mtangazaji kijana. Nakumbuka kizuizi kimoja cha barabarani, mawe na magurudumu yanayofuka moshi, na vijana waliotaka vitambulisho vyetu. Hawakutazama picha. Walisoma jina la mwisho. Mtu alihesabiwa kwa jina lake, na jina hilo ndilo lililoamua kama anapita au hapiti. Tangu siku ile sijaweza kuona safu ya kabila kwenye karatasi yoyote bila kukumbuka kidole cha kijana yule kikipita juu ya jina langu.

Ni kutokana na majivu hayo ndipo ilipotungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Kifungu chake cha saba kinasema kila taasisi ya umma ijitahidi kuwakilisha sura mbalimbali za Wakenya katika ajira, na kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Mwaka 2010 Katiba mpya ikaongeza yake: utumishi wa umma uwakilishe jamii zote za nchi, wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo hivyo ziende kwa watu wenye ulemavu.

Mwaka 2011 Tume ya Uwiano na Utangamano ikafungua kabati lililofungwa miaka mingi, ikatoa hesabu ya makabila katika utumishi wa serikali. Iligundua kwamba makabila matano, yaani Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakamba na Waluo, yalishika karibu asilimia 70 ya kazi. Kwa sensa ya mwaka 2009 makabila hayo matano yalikuwa kama asilimia 64 ya wananchi wote. Ukiyachukua kwa pamoja, pengo si kubwa mno. Ukiyachambua moja moja, ndipo unapoona kwamba Wakikuyu, waliokuwa kama asilimia 17 ya wananchi, walishika kama asilimia 22 ya kazi, na Wakalenjin, waliokuwa kama 13, walishika kama 17. Na nyuma yao mlikuwa na makabila madogo ambayo hayakuonekana kabisa. Watu walikasirika, wengine walijitetea, lakini kwa mara ya kwanza walibishania tarakimu ile ile. Mimi nasema lilikuwa jambo jema. Anayeficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa turudi kwa dada yetu na watu wake sita. Sheria ile ya theluthi inafaa wizara yenye watu 10,000. Ukimwajiri mtu mmoja humo, asilimia haitikisiki. Ni sehemu moja katika elfu kumi. Lakini katika ofisi ya watu sita kila mtu ni karibu asilimia 17. Akija mmoja au akiondoka mmoja, hesabu inaruka kama panzi.

Chukua kalamu uone. Ofisi ya watu watatu inaruhusiwa mmoja tu wa kila kabila. Ya watu wanne vilevile, kwa sababu wawili kati ya wanne ni nusu. Ya watu watano vilevile, kwa sababu wawili kati ya watano ni asilimia 40. Maana yake ofisi ya watu watano ni lazima iwe na makabila matano tofauti, bila kurudiwa hata moja. Ofisi ya sita inaruhusiwa wawili wawili. Na ukitaka wale watatu wa ofisi ya dada yetu wawe halali pasipo kumfukuza yeyote, ni lazima uajiri watu watatu wengine, ofisi iwe na tisa. Bajeti yao haina hata nafasi ya mmoja. Ama ile asilimia 5 ya wenye ulemavu, ukiipeleka kwenye ofisi ya watu sita unapata sehemu tatu za kumi za mtu. Mtaniambia sehemu hizo tatu ni mguu au ni mkono.

Niliendelea na hesabu usiku mmoja, nikiwa na kikokotoo na matokeo ya sensa ya mwaka 2019. Nilijiuliza hivi: tuseme hakuna hila yoyote nchini, hakuna mjomba wala shangazi, na watu wanaingia kazini kwa bahati nasibu, majina yote ya Wakenya yakiwa kwenye gunia moja. Je, ofisi ngapi zingevunja sheria kwa bahati tu? Nilipata kwamba katika ofisi 100 za watu sita, kama 18 au 19 zingekuwa na watatu au zaidi wa kabila moja. Na katika ofisi 100 za watu wanne, karibu nusu zingekuwa na angalau wawili wa kabila moja, yaani zimekosa. Bila dhambi ya mtu!

Hii ina maana kwamba tarakimu ya nusu kwenye fomu ya dada yetu haituambii lolote la hakika juu ya mkubwa wake. Pengine aliwaleta watu wake. Pengine ni bahati. Ofisi moja ndogo, ukiitazama mara moja, haiwezi kukujibu. Ni kama kurusha sarafu mara tatu, ikaangukia upande mmoja mara zote tatu, halafu ukamkamata mwenye sarafu ukasema ni mwizi.

Tena sheria zetu zenyewe hazijakubaliana. Ile ya mwaka 2008 inasema kabila moja lisizidi theluthi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Kwa maneno mengine, moja inasema kabila kubwa likome kwenye 33, nyingine inaliachia hadi 70. Ofisi ndogo iliyoko Mandera, au Siaya, au Nyeri, ifuate ipi? Hata ile nyepesi imetushinda: Tume ilipokagua kaunti zote 47, ikatoa taarifa mwaka 2016, ni 15 tu zilizokuwa zimetimiza asilimia 30.

Kuna fundo lingine, nalo ni majina yenyewe. Tunahesabu makabila kana kwamba ni mawe ya mtoni, yalikuwapo tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Jina Kalenjin lilipata nguvu miaka ya 1940, likawakusanya Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet na wengineo chini ya mwavuli mmoja. Jina Mijikenda nalo lilishika nyakati hizo hizo, likawafunga pamoja Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na ndugu zao, tisa kwa jumla. Sasa, ofisi ya watu sita yenye Mnandi, Mkipsigis na Mtugen imevunja sheria ukihesabu mwavuli, na haina kosa ukihesabu walio chini ya mwavuli. Karani gani ataamua hilo, na kwa mamlaka gani?

Na wapo ambao hawakuwa na safu hata moja. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani tangu miaka ya 1930. Walizaa, wakazeeka, wakazikwa hapa, bila kitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Mwaka 2017 Wakenya wenye asili ya Kiasia wakatajwa kuwa la 44. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Pwani. Kabla ya hapo, ofisi ya umma huko Kwale ingeweza kujaza fomu yake ikapata alama zote, na Mmakonde jirani wa ofisi hiyo asionekane hata kama sifuri. Asiye na safu hahesabiki kuwa hayupo.

Msikilizaji mwingine atasema: basi tuache kabisa, tufanye kama Tanzania, au kama Rwanda ya leo. Naielewa hoja hiyo. Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda katika miaka ya 1930. Serikali zilizofuata baada ya uhuru ziliviacha vivyo hivyo, na chini ya Habyarimana nafasi za shule na kazi za umma ziligawanywa kwa mafungu ya kabila. Mwaka 1994 kitambulisho kile kile kilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu wakauawa kwa neno moja lililoandikwa juu yake. Baada ya mauaji hayo ya kimbari neno hilo likaondolewa. Nani atawalaumu?

Lakini sisi tulijaribu kunyamaza, na ukimya wetu ulifika Januari 2008. Kwa hiyo swali langu si kama tuhesabu. Swali ni tuhesabu vipi ili hesabu imlinde mnyonge, isimwanike.

Hapa nitawavusha bahari kidogo, kwa kuwa wapo waliotangulia kupigana na swali hili. Ireland Kaskazini, sehemu ya Uingereza, iliteketea kwa miaka kama 30 kwa ugomvi wa Waprotestanti na Wakatoliki, na kazi zilikuwa mojawapo ya chanzo cha ugomvi. Mwaka 1989 ilitungwa sheria ya ajira ya haki. Taasisi za umma zilizotajwa, na hatimaye waajiri binafsi wenye wafanyakazi zaidi ya kumi, walitakiwa kila mwaka kupeleka hesabu ya watu wa kila upande. Yapo mambo matatu katika utaratibu wao ambayo natamani makarani wetu wangeyasikia.

La kwanza, hawakuhesabu tu waliokaa ndani. Walikuja kuhesabu pia walioomba kazi na waliopewa kazi. Walisimama mlangoni. Ukihesabu waliokaa ndani, unahesabu dhambi na baraka za miaka 30 iliyopita, za wakubwa ambao wengine wamekwisha kufa. Ukihesabu mlangoni, unaona mwaka huu nani aliomba, nani aliitwa, nani alipata.

La pili, mwajiri alitakiwa kila baada ya miaka mitatu kukaa na kuchunguza njia zake za kuajiri, za mafunzo na za kupandisha vyeo. Miaka mitatu, si siku moja. Ofisi ndogo haiwezi kuhukumiwa kwa picha moja, lakini ukiipiga picha mwaka baada ya mwaka, hadithi inaanza kujitokeza.

La tatu, tarakimu zinapochapishwa kwa umma, zile ndogo, zilizo chini ya kumi, hufichwa. Kwa nini? Kwa sababu waligundua kile alichokigundua dada yetu akiwa peke yake mezani: tarakimu ikiwa ndogo sana inaacha kuwa tarakimu. Inakuwa jina la mtu.

Sisemi kule mambo ni shwari. Hata wao hujikwaa. Mtu asiposema ni wa upande gani, mwajiri huweza kukisia kwa shule ya msingi aliyosoma, kama sisi tunavyokisia kwa jina la mwisho. Ila walau walijua kwamba wanashika kitu chenye makali.

Sasa nirudi kwenye ofisi ya watu sita, nimjibu dada. Nimesoma barua yake mara nyingi, na kuna sentensi moja ambayo aliiweka mwishoni kama jambo dogo. Anasema mzee wa chai anastaafu mwaka ujao, na nafasi yake huenda ikapewa mtu wa kabila lingine. Akiondoka mzee, wale watatu watabaki wawili. Wawili kwa sita ni theluthi. Fomu ya mwaka ujao itakuwa safi kabisa! Mkubwa ni yule yule, njia ya kuajiri ni ile ile, tangazo la kazi hubandikwa ubao ule ule wa ndani ambao wapita njia hawauoni. Kilichobadilika ni anayemimina chai. Na katika taarifa ya mwaka, ofisi hiyo itahesabiwa miongoni mwa zilizotengenea.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari ya hesabu hii. Tarakimu mbaya ya mwaka huu haikuthibitisha kosa, na tarakimu nzuri ya mwaka ujao haitathibitisha haki. Mtu aliyelipa gharama ya usafi huo atakuwa mzee mwenye mshahara wa chini kuliko wote, ambaye hakuwahi kumwajiri mtu maishani mwake.

Kwa hiyo kwa wale wanaotuma fomu nina maombi machache. Ofisi ndogo msizipime moja moja. Zikusanyeni pamoja, ofisi 50 za watu sita ni watu 300, na watu 300 wana jambo la kusema. Ulizeni hesabu ya mlangoni: tangazo lilibandikwa wapi, waliomba wangapi, waliitwa wangapi, alipata nani. Ulizeni ngazi, yaani nani anatia sahihi na nani anapika chai, kwa kuwa ofisi inaweza kuwa na makabila sita na sauti moja. Andikeni idadi, watatu kati ya sita, msiandike asilimia 50 kana kwamba mmehesabu taifa. Na mkichapisha, funikeni tarakimu ndogo.

Kwa mkubwa wa ofisi aliyeuliza amfukuze nani, jibu ni hakuna. Hakuna sheria inayosema mtu anyang'anywe mkate wake kwa sababu ya jina la baba yake. Hiyo ingekuwa ile tatu kwa tano ya Holmes imerudi kwa mlango wa nyuma. Ila swali lake lilikuwa la kukwepa. Angeuliza: nafasi ikitokea, tangazo litafika wapi, na nani atakaa kwenye meza ya kuhoji?

Na wewe dada, usijaze safu ya kabila kwa kusoma majina. Mwulize kila mtu anataka kuandikwa nani, na asiyetaka kusema aandikwe kwamba hakusema. Ni kuuliza watu watano tu, saa ya chai moja inatosha. Lakini mama mhasibu usimwulize kwenye chai. Mwulize mkiwa wawili, mlango ukiwa umefungwa, ukae upande wa sikio linalosikia. Mweleze karatasi inakwenda wapi na nani ataisoma. Akisema andika, andika, tena mkumbushe mkubwa wenu kwamba mtu anayehesabiwa ana haki ya kiti kinachomfaa mkutanoni. Akisema usiandike, usiandike. Sikio ni lake.

Mimi naamini serikali ina haki ya kujua ofisi zake zinafanana na nchi au hazifanani. Nimeona nchi inakokwenda inapokataa kujitazama kwenye kioo. Ila yule kijana wa kizuizini naye alikuwa akihesabu. Tofauti kati yake na karani mwaminifu ni kwamba karani anauliza kabla ya kuandika.

Mpenzi msikilizaji, na wewe unayesoma gazetini, kama katika ofisi yenu mna fomu kama hiyo, niandikieni mlivyoijaza. Majina yenu yatabaki kwangu. Hadi juma lijalo, kwaherini.